Ijumaa Mama Aliposugua Oili

Juzi fundi wa mabomba alikuja kwangu, hapa Homa Bay, akaegesha gari lake mbele ya mlango. Alipoondoka aliacha doa la oili pale chini, jeusi, upana wa sahani. Mume wangu ni mtu asiyependa uchafu. Alichukua chupa ya mafuta taa na sabuni ya unga, akainama kusugua. Mimi nilikuwa jikoni nikikatakata sukuma wiki. Harufu zile mbili zilipochanganyika na kupenya dirishani, kisu kilinitoka mkononi. Nilijikuta nimeshika ukuta. Mume wangu alipoingia aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Kuna mambo mtu huishi nayo miaka mingi bila kuyasimulia, si kwa sababu ni siri, ila hajui aanzie wapi.

Nitaanzia Awendo, kwenye nyumba yetu.

Baba alikuwa Mkuria, kwao ni karibu na Isebania. Mama alikuwa Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga, na majirani walimwita nyar Rusinga, yaani binti wa Rusinga, hata baada ya kuzaa. Baba hakukijua Kijaluo vizuri, na Mama hakukijua Kikuria hata kidogo, kwa hiyo nyumbani kwetu tulizungumza Kiswahili, kile cha kwetu cha huku bara, kilichovunjika hapa na pale lakini kinachobeba kila kitu: mapenzi, ugomvi na maombi. Mama alikuwa Msabato wa damu. Baba alikuwa Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka.

Ninyi mliokua karibu na miwa mnajua hewa ya kule. Asubuhi inanuka sukari iliyoungua, na jioni inanuka zaidi. Udongo ni mweusi, na mvua ikinyesha unang'ang'ania kiatu mpaka unaweza kuuacha mguu hapo. Baba alichoka kukwama kwenye matope, akamwaga simiti mwenyewe, kutoka getini hadi barazani, njia pana ya kutosha pikapu na mtu wa kupita pembeni. Katika ule mtaa wetu hakuna mwingine aliyekuwa na njia kama ile. Wageni walipokuja, Baba alipenda kusimama juu yake akipiga kisigino chini, kama mtu anayepima ng'ombe mnono.

Kasoro ilikuwa pikapu yenyewe. Ilikuwa kuukuu, nyeupe, na ilivuja oili. Baba alikuwa akibeba mahindi, nyanya, simiti, chochote ambacho wenye maduka walitaka kibebwe. Kila jioni aliweka karai la mchanga chini ya injini, na kila asubuhi tone moja au mawili yalikuwa yamekosa karai. Njia yetu nzuri ikawa na madoa kama ngozi ya chui. Mama Ouko, jirani yetu wa upande wa kushoto, alikuwa na mzaha wake juu ya Baba.

"Gari ya Mwita inakojoa kama mtoto," alikuwa akisema. "Ukitaka kujua amepita wapi, fuata matone."

Sote tulicheka, hata Baba.

Nilikuwa darasa la tatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa kwetu ilikuwa na utaratibu wake. Nikitoka shuleni nilimkuta Mama anapika chakula cha kesho, nguo zetu za kanisani zimepigwa pasi na kutundikwa mlangoni, sufuria zinang'aa. Kabla jua halijazama kila kazi ilikuwa imekwisha, kwa sababu Sabato ikiingia Mama hakushika hata ufagio. Lakini Ijumaa ile sikusikia harufu ya chakula. Nilifika getini nikamkuta amepiga magoti katikati ya simiti, leso imefungwa kiunoni, anasugua chini kwa kipande cha tofali.

"Weka begi ndani, uniletee majivu," alisema bila kuinua kichwa.

"Majivu gani?"

"Ya jikoni. Yote."

Nilileta majivu. Alikuwa amekwisha kumwaga mafuta taa juu ya madoa, na yale meusi ya zamani yalikuwa yanaanza kulainika na kutiririka. Alinyunyiza majivu juu, akaongeza mchanga, akasugua kwa nguvu zake zote. Kisha alimwaga sabuni ya unga na maji ya moto kutoka kwenye birika. Mvuke ulipanda na harufu ile, mafuta taa na sabuni, ikanijaa puani. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kwenye viungo.

"Mama, kuna wageni wanakuja?"

Aliacha kusugua. Aliniangalia kana kwamba ndiyo kwanza ananiona.

"Ndiyo," akasema. "Huenda wageni wakaja."

Nilifurahi. Nilichukua brashi ya viatu nikapiga magoti kando yake.

Niliyokuja kuambiwa nilipokuwa mkubwa ni haya. Mchana ule Mama alikuwa akitoka sokoni, Mama Ouko akamkimbilia njiani. Kulikuwa na mtoto wa kike aliyegongwa kwenye barabara ya vumbi inayopita kati ya miwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipalilia aliona kwa mbali pikapu nyeupe imesimama, mwanamume akamwinua mtoto, akamtia nyuma, akaondoka mbio. Watu walipofika walikuta damu, kiatu kimoja cha plastiki, na matone ya oili. Hapo hapo hadithi ikawa imekamilika midomoni mwa watu: amemgonga, na sasa anaenda kumtupa. Vijana walikuwa wamekusanyika na panga zao za kukatia miwa. Walikuwa wanafuata matone.

Mama Ouko hakusema ni pikapu ya nani. Alisema tu, "Nyar Rusinga, nenda nyumbani. Nenda sasa."

Mama alifika akakuta geti liko wazi. Oili mbichi ilikuwa inang'aa kwenye simiti. Ndani, godoro la kitanda changu halikuwepo. Na kwenye mfereji wa nje, juu ya kile kishikio cha kufungulia maji, kulikuwa na alama za vidole, za damu. Alimpigia Baba simu, simu ikawa imezimwa. Alipiga tena, na tena. Ndipo akauosha mfereji, akachukua mafuta taa.

Hayo mimi sikuyajua. Nilichojua ni kwamba Mama alinikabidhi karai la udongo na kunituma nje ya geti.

"Kila tone utakaloliona njiani, lifunike. Halafu ulikanyage. Mpaka pale kwenye kona."

Niliona ni mchezo. Nilitembea nimeinama, nikitafuta matone meusi kwenye vumbi kama kuku anayetafuta nafaka, na kila nililolipata nililizika na kulirukia kwa miguu yote miwili. Niliporudi, maji ya kusuuzia yalikuwa yanateremka kuelekea getini, na juu yake kulikuwa na rangi za upinde wa mvua, zambarau na kijani na dhahabu, zikijikunja.

"Mama, angalia! Ni maridadi!"

Aliyaona, na uso wake ukabadilika. Alirukia jembe, akachimba mtaro mdogo kando ya geti, akayageuza maji yaingie kwenye shina la mgomba kabla hayajatoka njiani. Alichimba kama mtu anayezima moto.

Jua lilikuwa limeshafika kwenye mabati ya Mama Ouko. Nilingoja Mama asimame, anawe mikono, aniite tuimbe wimbo wa kuipokea Sabato kama kawaida. Hakusimama.

"Mama, Sabato inaingia."

"Sugua."

Niliacha kusugua kwa mshangao. Mama yangu, ambaye aliwahi kuacha nguo zikanyeshewa kwenye kamba kwa sababu jua lilikuwa limezama, alikuwa ananiambia nisugue. Nilijiambia kwamba wageni hawa lazima ni wakubwa sana, labda mchungaji mwenyewe, na kwamba Mungu ameshaarifiwa.

Walikuja mwanga ukiwa bado upo. Tulisikia miguu kwanza, kisha sauti, kisha zikanyamaza kwenye kona, pale nilipoishia kuzika matone. Halafu wakaanza kugonga mageti ya majirani, moja baada ya jingine.

Wa kwanza kuingia kwetu alikuwa kijana mrefu aliyevaa jezi ya mpira. Nyuma yake walijaa wengine, na katikati yao mwanamke wa umri wa Mama, kitambaa kimemtoka kichwani, ameshika kiatu cha plastiki cha mtoto mbele ya kifua chake kwa mikono yote miwili. Nilikuja kujua kwamba alikuwa shangazi ya yule mtoto. Mtoto alikuwa amekuja kumtembelea.

"Mama, bwana yako yuko?" kijana aliuliza.

"Hayuko."

"Na gari yake?"

"Ameenda nayo kazi. Lambwe, kuchukua mahindi."

"Hiyo gari ni rangi gani?"

"Kwani huijui?" Mama alisema. "Ni nyeupe. Watu wengi wako na gari nyeupe."

"Na inamwaga oili?"

Kijana aliangalia chini. Simiti ilikuwa imelowa, rangi ya kijivu safi, kama siku Baba alipoimwaga. Aliangalia magharibi, akamwangalia Mama mikono yake iliyochubuka.

"Wewe si Msabato? Mbona unaosha nyumba saa hii?"

Wale wa nyuma walisogea mbele. Mmoja alisema jambo kwa Kijaluo kuhusu watu wa kuja, kuhusu mgeni unayempa kiwanja naye anakulipa kwa damu. Mama alisimama na ufagio mkononi.

Mimi nilikuwa nimeingia ndani kuandaa heshima ya wageni. Nilitoka nikiburuta kiti cha Baba kwa mkono mmoja, vikombe vimening'inia kwenye vidole vya mkono wa pili. Nilikiweka kiti katikati ya simiti safi.

"Karibuni wageni," nilisema. "Mama alisema mtakuja."

Mama alifumba macho.

"Alisema tutakuja?" kijana aliuliza polepole. "Alijuaje?"

Mama Ouko alipenya katikati ya watu, akiwasukuma kwa mabega yake mapana. "Nyinyi, mtoto anawakaribisha Sabato, na nyinyi mmekuja na panga! Gari ya Mwita naijua mimi. Ilikuwa inamwaga, ikatengenezwa Migori. Si simiti hiyo hapo? Angalieni kama kuna tone."

Alisema uongo huo mkavu, yeye aliyekuwa na mzaha kila siku, na hakupepesa jicho. Kijana alichuchumaa. Alipitisha kidole kwenye simiti, akakinusa. Alimwangalia Mama kutoka pale chini, macho yakatulia juu yake, kisha akakipangusa kidole kwenye suruali.

Ni yule shangazi aliyekaa. Alikishukia kiti cha Baba kana kwamba kilikuwa kimeletwa kwa ajili yake, na nadhani mimi nilikuwa nimekileta kwa ajili yake. "Nyathina," alikuwa anasema, "nyathina," mtoto wangu, mtoto wangu, akikitingisha kile kiatu. Mama aliutupa ufagio. Alinipokonya kikombe, akakijaza maji mferejini, akapiga magoti mbele ya yule mwanamke akamnywesha. Maji mengine yakamwagika shingoni mwa mgeni. Yule mwanamke alikunywa. Akamtazama Mama juu ya ukingo wa kikombe, kwa karibu sana. Kisha akanitazama mimi.

"Twendeni," akasema. "Si hapa."

Wakaondoka. Mama alifunga geti kwa mnyororo, akakaa chini kwenye simiti iliyolowa, akatapika kwenye mgomba. Mimi niliudhika kwamba wageni hawakunywa chai.

Kesho yake hatukwenda kanisani. Wanawake wa kanisa walipita na nguo zao nyeupe, wakaangalia geti letu, wakaendelea. Mama alikaa na simu mapajani. Aliniambia nisome fungu la Biblia la kukariri, nikasoma, nikamwona hasikii, nikasoma jingine la uongo nililolitunga mwenyewe kuhusu mbuzi na malaika, na akasema, "Vizuri."

Jumapili asubuhi nilisikia injini ya pikapu. Nilikimbia nikafungua mnyororo, na kabla Baba hajaingiza gari yote nilikuwa nimeshasimama mbele yake nimenyoosha mikono.

"Baba! Angalia! Tumeosha yote! Hakuna hata doa moja!"

Alizima injini, pikapu nusu ndani, nusu nje. Alishuka. Shati lake lilikuwa lile la Ijumaa, na mbele lilikuwa na madoa makavu ya kahawia, nikadhani ni matope. Aliangalia chini. Alitembea hatua chache juu ya simiti yake, akasimama.

"Nani ameosha?"

"Mimi na Mama! Ijumaa, mpaka jua likazama. Hata matone ya njiani tulifunika na udongo. Na mfereji pia Mama aliosha."

Nilikuwa naongeza kila jambo ili anisifu zaidi. Yeye aligeuza macho akaangalia mfereji, kisha akaangalia baraza. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Mtoto yuko hai," Baba alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina hasira. "Mguu umevunjika, na mbavu. Ni trakta ya miwa ilimgonga, dereva hakusimama. Mimi nilimkuta kando ya barabara. Aliniambia mama yake anauza samaki soko ya Homa Bay, akazimia. Nikapita hapa kuchukua godoro, nikanawa mikono, nikampeleka hospitali ya huko. Polisi walinikalisha kituoni mpaka mtoto alipoamka na kusema si mimi."

"Simu yako..." Mama alisema.

"Iliisha chaji."

"Mungu ni mwema," Mama alisema, akaanza kulia. "Mungu ni mwema."

Baba hakumsogelea. Alipiga kisigino chini mara moja, polepole, kama alivyozoea kufanya wageni wakija.

"Kumbe wewe ulikuwa unaosha," alisema.

Akapanda pikapu, akairudisha nyuma, akaiegesha nje ya geti, kando ya ua wa Mama Ouko. Kuanzia siku ile haikuingia tena.

Ndugu zangu, nimeona nyumba za ugomvi. Nimeona sahani zikiruka. Lakini sijaona tena nyumba kama yetu ilivyokuwa siku zile, kwa sababu Baba alikuwa mpole. Hakufoka. Alileta sukari, alileta nyama, alilipa karo. Ila hakuzungumza na Mama. Alizungumza na mimi, na Mama akiwa amekaa hapo hapo.

"Boke, mwambie mama yako chai imetosha."

"Mama, Baba anasema chai imetosha."

"Mwambie nimesikia."

"Baba, anasema amesikia."

Nilijiona mtu muhimu sana. Darasani nilikuwa wa kukaa nyuma, lakini nyumbani hakuna neno lililopita bila mimi. Na nilijisifu kwa wenzangu kwamba baba yangu anaipenda simiti yetu safi mpaka anaacha gari ilale nje isiichafue. Ndivyo nilivyoelewa. Mvua zilipoanza, Mama alimfuata hadi mlangoni, akasema, "Ingiza gari ndani, itakwama hapo nje." Baba alinigeukia mimi. "Mwambie simiti yake ni safi. Sitaki kuichafua." Nilimpelekea Mama ujumbe huo nikitabasamu, kwa kuwa nilidhani ni sifa.

Siku moja nilikuwa nyuma ya jikoni nikiosha soksi, nikamsikia Mama akizungumza na Mama Ouko.

"Angefoka ningejua la kufanya," Mama alisema. "Lakini ananiheshimu kama mgeni. Naogopa siku moja ataaga aende zake."

"Si wewe ulimwokolea nyumba?" Mama Ouko alisema. "Wale vijana wangeichoma."

"Niliokoa nyumba ya muuaji. Hivyo ndivyo nilikuwa nawaza kichwani. Na yeye anajua."

Niliacha soksi kwenye beseni. Neno muuaji nililijua. Sikujua lilikuwa linafanya nini nyumbani kwetu. Jioni ile nilipopeleka ujumbe wa chumvi kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine, kwa mara ya kwanza niliwatazama wote wawili nikaogopa.

Halafu mtoto yule akaja. Alikuja Jumapili mchana, akitembea kwa magongo, yeye na mama yake kutoka Homa Bay na yule shangazi. Jina lake lilikuwa Adhiambo, alinizidi umri kidogo, na nilimwonea wivu kwa sababu ya magongo. Mama yake alibeba samaki wakubwa aina ya ngege ndani ya ndoo, bado wanang'aa. Mama aliwapika kwa nyanya na kitunguu, akasonga ugali, tukaketi wote sebuleni. Baba aliwapokea kwa heshima, akasalimia, akacheka pale panapotakiwa kuchekwa.

Mama wa Adhiambo alizungumza Kiswahili kwa ajili ya Baba. "Mimi sina maneno, Baba Boke. Daktari alisema damu ilikuwa inaishia ndani. Ungemwacha pale kidogo tu, ningemzika." Akapangusa macho kwa leso. Kisha akamgeukia Mama. "Na wewe, dada yangu. Ulikuwa na moyo gani kukaa hizo siku? Alikuwa amekuambia anapeleka mtoto wa watu?"

Shangazi aliinamisha uso kwenye sahani.

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Neno moja, na chakula kingeendelea. Mama alikuwa amesimama kutugawia, ameshika bakuli la samaki. Aliliweka mezani.

"Hakuniambia," alisema. "Nilikuta oili kwenye simiti na damu kwenye mfereji. Nikafikiri ni yeye amegonga mtoto wako akaenda kumtupa. Ndiyo nikaosha, wasijue."

Adhiambo aliacha kutafuna. Baba alikuwa akiangalia mikono yake.

"Mimi nilijua," shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ile maji ulinipa, kikombe kilikuwa kinanuka mafuta taa. Na vidole vyako vilikuwa vimetoka ngozi. Nilijua umeosha kitu."

"Na hukusema?" dada yake alimuuliza. "Ulidhani wamemuua mtoto wangu na hukusema?"

"Nilitaka kusema. Mdomo ulikuwa umefunguka." Alininyooshea mimi kidole, bila kuniangalia. "Lakini huyu alikuwa amenipa kiti. Nikaona wale vijana nyuma yangu na panga, na huyu na vikombe. Nikashindwa. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri."

Baba aliinua kichwa. Alimtazama Mama, moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile.

"Ulidhani nimeua mtoto wa mtu."

"Ndiyo," Mama alisema.

"Na ukasimama getini."

"Ndiyo."

"Na kama ingekuwa kweli? Kama ningekuwa nimemuua?"

Mama alifikiri. Nilimwona akilipima swali lile kwa haki, kama anavyopima unga.

"Ningesimama vile vile," alisema. "Halafu ungerudi, ningekupeleka kwa polisi mimi mwenyewe. Kwa mguu."

Mama wa Adhiambo alivuta pumzi. Baba aliendelea kumtazama Mama, na kitu usoni mwake kilicholala siku nyingi kikaanza kuamka, si kicheko, si msamaha bado, ila mtu mwenyewe. Aliivuta sahani yake mbele, akamega ugali.

"Lete huyo samaki, Mama Boke," alisema.

Nilikuwa tayari nimeshamgeukia Mama, nimefungua kinywa nipeleke ujumbe. Nikakifunga.